Naitrasi au Supachaja? Pikapu ya Kazi na Hamu ya Mwendo

SWALI: Kwako Fundi wa ukurasa huu. Assalamu alaikum. Ninaishi Kisauni na ninamiliki Hilux dabo kabini ya petroli, injini ya lita 2.7, gia za mkono, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yangu ni kupeleka samaki wa barafu kutoka Mombasa hadi Voi, na wakati mwingine hadi Taveta. Tatizo langu ni mwendo. Nikipanda Mazeras nikiwa na mzigo hubanwa nyuma ya matrela, na nikitoka ili niyapite pikapu huishiwa na pumzi, hata nimewahi kulazimika kurudi nyuma ya trela nikiwa nimeshachomoza nusu. Binamu yangu aliyeko Dubai ananishauri nifunge naitrasi, kwa kuwa bei yake ni nafuu na nguvu huja papo hapo. Fundi mmoja wa hapa anasema nitafute supachaja. Gari nalitunza vizuri na nimeshalivalisha magurudumu mapana ya 265/75R16 badala ya yale membamba ya 205R16 lililokuja nayo. Kati ya viwili hivyo, ni kipi kitakachonipa mwendo bila kuniulia injini?
Mpenda Mwendo, Kisauni

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kwa kazi uliyoieleza, kati ya viwili ulivyovitaja ni supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, tena ya presha ndogo; naitrasi, ile gesi ya chupa inayopulizwa ndani ya injini, haikufai, na sababu zake nitazieleza kwa urefu. Lakini kabla hujatuma fedha Dubai au kwengineko, kuna jambo uliloliandika kwa kupita, na kwa kujivunia kidogo, ambalo mimi ndilo lililonisimamisha: magurudumu.

Gurudumu la 205R16 lina kipenyo cha karibu milimita 740, na hilo la 265/75R16 lina karibu milimita 804. Maana yake ni kwamba kila ekseli inapozunguka mara moja, pikapu yako sasa husonga mbele zaidi kwa karibu asilimia 8 kuliko ilivyopangwa kiwandani, na anayelipia tofauti hiyo ni injini, kwa sababu kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, imekuwa nzito zaidi kuivuta. Ongeza hapo uzito wa tairi na rimu zenyewe, ambao lazima uzungushwe upya kila unapokanyaga mafuta. Kilima ambacho zamani ulikipanda kwa gia ya nne sasa kinakudai ya tatu, nawe unahisi kuwa injini imechoka ilhali haijabadilika chochote. Kipimo cha mwendo nacho kinakupunja: kama sindano ilikuwa sahihi kwa tairi za awali, basi ikisoma 100 wewe uko karibu na 108, kwa hiyo unakwenda kasi kuliko unavyojijua, na askari mwenye kipimo cha mkononi anaweza kukuthibitishia hilo kabla yangu.

Ukirudisha tairi za kipimo cha awali, utarudishiwa nguvu yako ya zamani bila kufungua hata boliti moja ya injini. Ikiwa huwezi kuachana na hizo pana, nami naelewa kwamba pikapu hupendeza nazo, basi badilisha krauni na pinioni za difu, yaani zile gia zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Hilux zimekuwa zikitoka na uwiano mbalimbali wa difu, kama vile 4.1, 4.3 na 4.556. Gari lenye 4.1 likipewa 4.556, nguvu inayofika kwenye tairi katika kila gia huongezeka kwa karibu asilimia 11, jambo linalofuta hasara ya tairi na kukuachia ziada kidogo. Injini itazunguka kwa kasi zaidi kwenye barabara tambarare ya Maungu, na mafuta yatakwenda zaidi kiasi, lakini hakuna kitu ndani ya silinda kitakachobebeshwa mzigo mpya. Kwa kuwa gari lako linavuta kwa magurudumu yote, difu za mbele na nyuma lazima zibadilishwe pamoja na ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha ya nyuma pekee, siku utakayotia gia ya magurudumu manne kwenye lami, giaboksi ndogo ndiyo itakayokatika.

Sasa nije kwenye gesi ya binamu yako. Naitrasi oksaidi si fueli na haiwaki yenyewe. Ni gesi ile ile ambayo Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772 na ambayo madaktari huitumia hadi leo kupunguza maumivu ya mgonjwa wa jino na kumlaza anayepasuliwa. Injini inaitaka kwa sababu ya oksijeni yake: kwa uzito, hewa tunayoivuta ina oksijeni karibu asilimia 23, lakini naitrasi ina asilimia 36. Ikifika ndani ya silinda na joto likapita nyuzi 300 hivi, huvunjika na kuiachilia oksijeni hiyo, na hapo unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi katika silinda ile ile. Faida ya pili ni ubaridi. Gesi hii hukaa ndani ya chupa ikiwa kimiminika, na inapotoka huchemka katika nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo hewa inayoingia katika injini hupoa ghafla na kuwa nzito. Ndiyo maana wanaoipenda wanaipenda sana: bomba jembamba, chupa, swichi na vali mbili za umeme huleta nguvu ambayo kwa njia nyingine ingehitaji chuma kingi.

Hatari imo katika neno petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, lakini huhitaji kilo 9.6 tu za naitrasi. Kwa hiyo kila gesi inapoongezwa, petroli nayo lazima iongezwe kwa kipimo chake wakati huo huo, ama kupitia nozeli ya pili ama kwa kuielekeza upya kompyuta ya injini. Pampu ya mafuta ikiwa imechoka, chujio likiwa limeziba, au nozeli moja ikikwama kwa sekunde chache, mwali wa ndani huwa mkali kupita kiasi na aluminiamu ya pistoni huyeyuka. Fundi mwenye macho huigundua balaa hiyo mapema kwenye plagi: ukiitoa na kuisogeza kwenye mwanga wa jua, utaona juu ya kauri nyeupe vidoa vidogo mno vya rangi ya fedha, kama chembe za chumvi. Vidoa hivyo ni vipande vya pistoni yako. Anayeviona na bado akajaza chupa nyingine, injini yake haiko mbali na kufunguliwa.

Tuchukulie kwamba yote hayo yamefungwa vizuri na mtu anayejua kazi yake. Je, yatakusaidia kulipita trela? Vifaa vya naitrasi hupangwa vifanye kazi mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho na injini ikiwa imepita mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa sababu gesi ikiingia wakati injini inazunguka polepole presha ndani ya silinda hupanda ghafla na kupinda konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki. Wewe ukiwa nyuma ya trela pale Mazeras uko gia ya nne, mizunguko 2,200 au chini ya hapo. Ni lazima kwanza ushuke gia, uipandishe injini, ndipo swichi ikubali; na dereva anayeshuka gia kwa wakati mara nyingi angelipita trela hilo bila gesi yoyote. Kisha kuna hesabu ya chupa. Chupa ya kawaida ya kilo 4.5 hutoa nguvu farasi 100 za ziada kwa takriban dakika moja na nusu tu, na kwa injini yako ya silinda nne, ambayo kiwandani haikufika mbali zaidi ya nguvu farasi 160, mtu mwangalifu hatapita ziada ya 50 hadi 75. Kwa ziada ya 50 utapata kama dakika tatu kwa jumla. Kila trela likikuchukulia sekunde 10, chupa inakwisha baada ya matrela kumi na kitu, nayo barabara ya Voi ina zaidi ya hayo asubuhi moja. Halafu ni nani atakayekujazia? Swali hilo watu huliuliza baada ya kufunga, wakati lilipaswa kuwa la kwanza.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno lake. Vifaa hivi hupimwa vikitarajia presha ya chupa kati ya psi 900 na 950 (psi ni kipimo cha presha). Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yaani jioni yetu ya kawaida, chupa hujiweka yenyewe karibu kabisa na presha hiyo, jambo ambalo watu wa nchi za baridi hulitafuta kwa kufunga blanketi la umeme. Lakini liache gari juani saa saba za mchana mwezi wa Machi pale Kongowea, vioo vikiwa vimefungwa. Joto likipita nyuzi 36.4, naitrasi haiwezi tena kubaki kimiminika ndani ya chupa kwa presha yoyote ile. Presha imeshapita psi 1,050 na kuanzia hapo inapanda kwa kasi, hasa ikiwa aliyejaza hakutumia mizani na akapitisha kipimo. Ukifungua vali katika hali hiyo, gesi inayoingia ni nyingi kuliko petroli iliyopangiwa, na tumerudi kwenye pistoni inayoyeyuka. Chupa yenyewe ina kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi, na bomba la kisahani hicho lazima litolewe nje ya gari, kwa sababu gesi yote ikimwagika ndani ya kabini itakulaza ukiwa umeshika usukani.

Najua utafikiria masanduku yako ya barafu. Usiiweke chupa humo. Kwenye nyuzi sifuri presha hushuka hadi karibu psi 450, yaani nusu ya inayotakiwa; gesi itatoka kidogo, petroli ya ziada itakuwa nyingi, injini itakohoa moshi mweusi na utakuwa umelipa fedha ili upunguze mwendo.

Naitrasi ina mahali pake, nami siidharau. Kijana mwenye gari la mashindano, anayelipeleka uwanjani kwa ajili ya mbio za mstari mnyoofu, anayefungua chupa dakika chache kabla ya kuanza na kuifunga akimaliza, atapata kwa shilingi zake nguvu nyingi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Safari zako wewe si za namna hiyo.

Supachaja hufanya kazi hiyo hiyo ya kuingiza oksijeni zaidi, ila huitoa katika hewa ya bure. Ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, inayosukuma hewa ndani ya injini badala ya kuiacha injini ivute yenyewe. Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, wa ukoo wa Roots, walipata hataza ya pampu ya namna hiyo mwaka 1860, wakati hakuna gari la petroli duniani. Ilitumika kupuliza hewa kwenye tanuru. Mercedes waliiweka kwenye magari ya kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapa pwani, usawa wa bahari, hewa ina presha ya psi 14.7. Supachaja ikiongeza psi 6 juu yake, kwa hesabu ya karatasi hewa inaongezeka kwa asilimia 40, lakini karatasi haijui kwamba hewa iliyobanwa hupata moto na kutanuka, wala kwamba mkanda wenyewe unakula sehemu ya nguvu ya injini. Kipimo cha kweli kinapatikana kwa Toyota wenyewe: mwaka 2008 kitengo chao cha TRD nchini Australia kiliuza Hilux ya V6 ya lita 4.0 iliyofungwa supachaja, na injini hiyo ikatoka kilowati 175 hadi 225, yaani ongezeko la karibu asilimia 29. Mtu akikuahidi kwamba injini yako ya lita 2.7 itaongezeka kwa nusu bila kufunguliwa, mwombe akuandikie dhamana kwa miezi 12 kisha umtazame usoni.

Kwa mpanda Mazeras, aina ya supachaja ni muhimu kuliko chapa. Zile za Roots na zile za skrubu pacha husukuma kiasi kile kile cha hewa kwa kila mzunguko, kwa hiyo nguvu huanza chini kabisa, kwenye mizunguko 1,500 na 2,000 ambako pikapu yenye mzigo huishi. Ile ya senta, yenye feni inayofanana na ya tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi), hutoa nguvu yake kubwa injini ikikaribia mwisho wa mizunguko. Hiyo ya pili ni nyepesi kufunga na mara nyingi bei yake huwa ndogo, na ndiyo utakayoshawishiwa kuinunua. Kwa samaki wa Voi haifai. Ukipata ya Roots au ya skrubu iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako hasa, pamoja na menifoldi yake, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, chukua hiyo. Usikubali kuundiwa menifoldi ya kuchomelea kwa kukisia.

Kuna faida nyingine ambayo wenyeji wa Mombasa hawaihisi hadi wapande bara. Injini isiyo na supachaja wala tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Wewe unapofika Voi umeshaacha asilimia 5 au 6 njiani, na anayefika Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ameacha karibu asilimia 17. Sehemu kubwa ya hasara hiyo supachaja huifidia.

Madeni yake nayo lazima yatajwe. Joto la hewa iliyobanwa, juu ya joto letu, huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake, na sauti yake utaisikia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kwa hiyo intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa iliyobanwa, ni ya lazima hapa hata kama muuzaji wa nchi ya baridi anaiandika kuwa ni ya hiari, na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, lazima irudishwe nyuma na mtu mwenye kompyuta na daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), wala si kwa sikio. Mafuta pia uyachague. Mwaka 2018 Serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita kwa sababu wachanganyaji walikuwa wakiyatia kwenye fueli za magari, nayo petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugonga upesi sana chini ya presha. Shika kituo kimoja unachokiamini na usishawishiwe na mitungi ya kando ya barabara, hata ukiwa umeishiwa.

Kabla ya yote, ipimwe kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo, kwa sababu supachaja haiponyi ugonjwa bali huuharakisha. Pima presha ya pampu ya mafuta, safisha rejeta, na ujiandae kwamba klachi ya kawaida huenda isistahimili. Breki usiziweke mwisho wa orodha kama wafanyavyo wengi: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kusimamishwa kubwa kwa asilimia 56 kuliko likiwa kwenye 80, na Hilux yako ina drami nyuma, nawe unarudi ukiteremka Mazeras kuelekea Miritini mbele yako kukiwa na foleni ya makontena. Na ukishafunga, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwa kuwa mabadiliko ya injini yasiyotajwa ni sababu tosha ya dai lako kukataliwa siku utakayolihitaji.

Kuhusu gharama, naitrasi ni nafuu siku ya kwanza, kisha hudai kila wiki. Supachaja hudai karibu yote mwanzoni, na ikiwa unaiagiza kutoka nje uhesabu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kusherehekea bei uliyoiona. Ushauri wangu kwa mfuko wa mfanyabiashara wa samaki ni huu: anza na tairi au difu, kisha breki, kisha uendeshe mwezi mzima ukiwa na mzigo wa kawaida. Ikiwa bado utaona trela la mbele ni refu, tafuta supachaja ya psi 5 au 6. Nina dhana kwamba hutafika huko.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi nina Isuzu D-Max ya dizeli ninayoitumia kubeba saruji kutoka Likoni hadi Ukunda. Siku hizi ikibeba mzigo hutoa moshi mweusi mwingi na haina nguvu kama zamani. Mwanangu ameambiwa na wenzake kuwa naitrasi huumaliza moshi huo na kuongeza mwendo. Je, ni kweli?
Mama Saruji, Likoni

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao hajaambiwa uongo, ameambiwa nusu. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha kuungua, na naitrasi ikipelekwa humo ingeyapatia oksijeni na moshi ungepungua. Lakini gari lako tayari lina tabo ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuleta hewa, na kama zamani haikutoa moshi, basi hewa inapotea mahali fulani. Ukifunga gesi utakuwa umeuficha ugonjwa kwa gharama ya chupa kila wiki.

Mwambie fundi wako aanze na chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la saruji huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kisha azifuate hosi za kutoka kwenye tabo hadi kwenye intakula, na kutoka intakula hadi kwenye injini, akipitisha kidole chini ya kila klipu. Hosi iliyopasuka hujionyesha: mvuke wa oili hutoka pamoja na hewa na kuacha doa jeusi lenye unyevu, lililoshika vumbi, mara nyingi upande wa chini ambako jicho halifiki. Pasipoonekana kitu, azibe mdomo wa tabo, aingize hewa ya kompresa ya psi 15 hivi na apake povu la sabuni kwenye maungio. Ikiwa hosi zote ni nzima, ndipo ageukie tabo yenyewe na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini. Usimruhusu aanze kwa kufungua nozeli, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenye malipo makubwa na wengi huanzia hapo.

SWALI: Bwana Fundi, mimi ni mchomeleaji hapa Changamwe. Ikiwa naitrasi inatakiwa kwa sababu ya oksijeni, kwa nini nisitumie mtungi wangu wa oksijeni moja kwa moja kwenye pikapu? Nina mtungi, nina geji, na hosi ninazo.
Mchomeleaji, Changamwe

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu, hata kwa majaribio, hata kwa sekunde moja. Katika naitrasi oksijeni imeshikwa na naitrojeni, na naitrojeni hiyo ndiyo inayotuliza mwako ndani ya silinda. Oksijeni tupu haina mtulizaji. Wewe unalijua hilo kuliko wasomaji wengi, kwa kuwa unapokata bamba la chuma huliyeyushi kwa mwali peke yake: unalipasha moto hadi liwe jekundu, kisha unafinya mkono wa oksijeni, na chuma chenyewe kinaanza kuungua na kutiririka. Pistoni, vali na ekzosi ya injini inayofanya kazi tayari vina moto wa kutosha, na aluminiamu ni laini kuliko hilo bamba. Zaidi ya hayo, menifoldi ya gari lolote lililotumika ina utando wa oili ndani yake, na oksijeni yenye presha ikikutana na oili au girisi inaweza kuwaka bila cheche. Mtungi huo ubaki karakana, umesimama wima, umefungwa mnyororo ukutani, na mikono yenye girisi isiiguse geji yake.